Keki ya madeleine: karanga, waridi na hadhari

Madeleine ni keki ndogo yenye umbo la kombe la baharini, na sifa yake imefungamana na mji wa Commercy, Ufaransa. Mwokaji wa Nzahaha, wilayani Rusizi, Rwanda, aweza kutumia karanga zilizokaangwa na kusagwa badala ya lozi, na maji ya waridi kwa harufu ya maua. Rojo ya unga hupozwa kwanza, kisha hutiwa katika tanuri lenye moto mkali: kingo huiva mapema, katikati pakainuka.

Karanga zichambuliwe kwa makini. Zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, kwani joto la tanuri haliondoi sumukuvu. Aidha, walaji waambiwe kuwa keki ina karanga, maana mzio wake waweza kuua.