Taksi Pasipo Dereva

Hapa Ndosho, kwenye njia ya Sake, motari mmoja akitudai feza nyingi, tunaita mwingine. Mashindano hayo ndiyo ulinzi wa maskini.

Lakini taksi zinazojiendesha zahitaji mali nyingi kabla ya kuleta faida. Kwa hiyo wenye kuziweza ni wachache. Huko Marekani, General Motors iliacha kazi hiyo Desemba 2024, Waymo ikaendelea.

Tena tuangalie taksi zenye dereva: Singapore, mwaka 2018, Grab ilipotwaa kazi ya Uber, bei ilipanda, na serikali ikazitoza faini kompani zote mbili.

Basi, tajiri mmoja akibaki peke yake barabarani, tutaita nani? Sheria itungwe mapema, wamotari wangali wako.