Manjanja yanalia usiku: sababu ni baridi

Ndugu wasikilizaji wa Sanga na wa pande zote za Kamina, kipwa kimefika, na maswali yaleyale yamerudi kwetu redioni. Saa mbili ya usiku, nyumba imetulia, watoto wamelala, halafu juu ya paa: pa! Kidogo tena: pa-pa! Unatoka na tochi, hakuna mtu, hakuna jiwe. Asubuhi jirani anasema kuna kitu kilitua kwenu. Na jina la kwanza kutajwa mara nyingi ni la nkambo anayeishi peke yake, au la mtoto yatima aliyepokelewa juzi katika nyumba. Njo maana tunaona ni vizuri kueleza hii kelele inatoka wapi.

Inatoka kwenye manjanja yenyewe. Chuma kikipata moto kinarefuka, kikipoa kinajikunja. Chukua bati la mita 3. Mchana jua linalipasha hadi digrii 60, pengine zaidi. Usiku wa kipwa mbingu haina mawingu, na huku kwetu tuko juu ya mita 1,000, basi bati linapoteza moto haraka. Likishuka digrii 40, linapungua karibu milimita moja na nusu, kidogo chini ya unene wa spoku ya kinga. Ni kidogo sana, lakini misumari imelishika na haitaki liende. Bati linavuta, linavuta, mwisho linateleza ghafula juu ya mbao. Huo mteleko wa ghafula ndio unasikia, na dari tupu chini yake inaukuza kama ngoma.

Watu wa reli wanajua jambo hili tangu zamani. Reli zilizounganishwa vipande-vipande zinaachiwa nafasi ndogo kati ya kipande na kingine, ili jua la mchana lisizipinde. Ile tak-tak, tak-tak ya treni ni magurudumu yanavuka viungo hivyo.

Hata ndugu zetu walio Bulaya wanasumbuliwa nalo. Kule Ubelgiji nyumba zinapashwa moto na masanduku ya chuma ya ukutani, radiata, ambamo maji ya moto yanazunguka. Asubuhi yakiwashwa, bomba la shaba la mita 5 likipanda digrii 50 linarefuka zaidi ya milimita 4, na pale linapopita katika ukuta linasugua na kugonga. Dawa ni kulipa nafasi pale linapobanwa. Radiata ikinguruma kama tumbo lenye njaa, hiyo ni habari nyingine: kuna hewa ndani. Wanazima, wanaacha ipoe, wanafungua kidogo kibanio cha juu kwa ufunguo wake mpaka maji yatoke, wanafunga. Lakini mtambo wenyewe wa kuchemsha maji ukipiga kishindo, ni kazi ya fundi.

Turudi kwetu. Unaweza kupima mwenyewe. Saa nane ya mchana, jua likiwa kali, mtu asimame kwenye ngazi imara amwage ndoo ya maji baridi juu ya paa. Litalia palepale, mchana kweupe, mbele ya jirani wote. Tena andika saa za kelele kwa wiki moja. Utaona zinakuja zaidi baada ya jua kuzama, na usiku wa mawingu zinapungua.

Si kila kelele ni hii. Panya na popo wanakwaruza na kukimbia. Upepo unapigisha bati lililolegea mahali palepale kila unapovuma. Mwizi ana uzito: bati linabonyea, na sauti inahama hatua kwa hatua. Mbao zikilia na paa likianza kulala upande, tazama muchwa haraka, kwa maana hapo kuna hatari ya kweli.

Wengi wakisikia manjanja yanalia wanaongeza misumari. Ni kazi bure, bati likibanwa zaidi linavuta zaidi kabla ya kuachia. Tundu liwe pana kidogo kuliko msumari, na chini ya kichwa cha msumari uweke kipande cha mpira, maji yasipite. Kati ya bati na mbao laza ukanda wa mpira wa ndani wa kinga uliokwisha. Msumari uliolegea uondoe, weka mrefu zaidi. Kupaka paa rangi nyeupe kunapunguza moto wa mchana, na kelele ya usiku inapungua nayo. Mawe juu ya paa yanasaidia kwa upepo, si kwa hii.

Na kuhusu mtoto tuliyemtaja: Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya franka 200,000 hadi 1,000,000. Mtu akianza kutaja majina kwa sababu ya paa, mwite kwanza aje aone ile ndoo ya maji.

Kazi ya paa ifanyeni asubuhi, bati lingali baridi, na mkanyage pale penye misitari ya misumari tu, kwa sababu chini yake ndipo kuna mbao.