Je, Wajua? Mrushaji wa India Aliyeanzia Nairobi

Je, wajua kwamba Zaheer Khan, mrushaji wa kasi wa mkono wa kushoto aliyeiletea India wiketi 311, yaani wapigaji 311 waliotolewa, katika Testi, zile mechi za siku tano, alianza kuichezea timu ya taifa papa hapa Kenya? Ilikuwa tarehe 3 Oktoba 2000, uwanja wa Gymkhana, Nairobi, na waliosimama mbele yake na magongo walikuwa ndugu zetu. Akatutoa watu 3 kwa mbio 48. Siku hiyo hiyo Yuvraj Singh naye akaanza. Kwa hivyo anayekwambia kriketi ya maana huchezwa Mumbai na London tu, mwache aendelee kunywa kahawa yake.

Siku nne baadaye, tarehe 7, Zaheer alitimiza miaka 22. India ilikutana na Australia, mabingwa wa dunia wakati huo, katika uwanja ule ule. Kijana akaurusha mpira ukaenda kutua usawa wa vidole vya miguu vya nahodha Steve Waugh, ukapita, ukang'oa vijiti. India ikashinda kwa mbio 20. Kwa sherehe ya kuzaliwa, sijui umtakie mtu nini zaidi.

Alizaliwa Shrirampur, mji mdogo wa jimbo la Maharashtra, na alikuwa ameanza njia ya uhandisi kabla ya kuiacha kwa ajili ya mpira.

Wajua kwa nini mpira wa kriketi hupinda hewani? Vijana wanaochezea mpira wa tenisi vichochoroni hulijua jibu kwa mkono: ukiuzungushia tepu ya umeme upande mmoja, upande wa pili ukauacha na manyoya yake, hauendi tena moja kwa moja. Mpira wa ngozi nao ni vivyo hivyo. Mshono uko katikati. Timu husugua upande mmoja kwenye suruali mpaka ung'ae na kuuacha mwingine ukwaruzike. Hewa hupita kwa namna mbili, mpira ukavutwa kando. Ukishachakaa sana na mrushaji akawa na kasi ya kutosha, mambo hugeuka na unapindia upande usiotarajiwa. Ndiyo maana Zaheer, akikimbia kuja kurusha, aliufunika mpira kwa mkono wa kulia hadi dakika ya mwisho. Mpigaji hakujua upande unaong'aa uko wapi. Wizi mtupu, lakini wa halali.

Machi 2003, Kombe la Dunia, Afrika Kusini. Kenya ilifika nusu fainali ikiwa chini ya kocha Sandeep Patil, Mhindi aliyekuwa kwenye kikosi kilichotwaa kombe la 1983. Tarehe 20, mjini Durban, India ilikutana nasi: Zaheer alirusha ova 9 na ushei (ova moja ni mipira 6), akatoa mbio 14 tu na kuchukua wiketi 3. Tukaenda nyumbani. Siku tatu baadaye, fainali dhidi ya Australia mjini Johannesburg, ova yake ya kwanza kabisa ikazaa mbio 15! Ova moja imezidi mechi nzima ya Durban. Akamaliza na ova 7, mbio 67, wiketi hakuna.

Kabla hatujamcheka, tukumbuke Durban tarehe 15 Machi. Brett Lee wa Australia alitutoa wapigaji 3 kwa mipira 3 mfululizo. Wa kwanza, Kennedy Otieno, mpira ulimgonga mkononi kisha ukaenda kuangukia vijiti. Lakini mchezaji bora wa siku hakuwa Lee. Alikuwa Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, miaka 39, aliyekwisha kustaafu akaitwa arudi. Ova 8 na mipira 2, sita kati yake hazikutoa hata mbio moja, jumla mbio 7, wiketi 3. Tena si wa kasi, ni wa kuzungusha.

Zaheer aliporomoka baada ya fainali ile: maumivu, kasi kupungua, hatimaye kuachwa nje ya timu. Mwaka 2006 akaenda Uingereza kuchezea kaunti ya Worcestershire, akafupisha mbio zake za kurushia, akachukua wiketi 78 msimu mmoja. Dhidi ya Essex aliwatoa 9 wa kwanza, na wa 10 akaponyoka kwa kuwa mlinda wiketi wa timu ya Zaheer mwenyewe aliudondosha mpira. Hapo ndipo ninapowahurumia warushaji wetu. Rajab Ali, aliyemtoa Brian Lara kule Pune tarehe 29 Februari 1996 siku West Indies walipotolewa wote kwa 93, na Joseph Angara, aliyechukua 3 kwa 30 tulipoifunga India Port Elizabeth mwaka 2001, hawakuwa na karakana ya namna hiyo ya kwenda kutengenezewa mwili na mkono. Mtu akikatika, basi.

Thomas Odoyo ndiye aliyedumu. Alianza akiwa na miaka 17 dhidi ya India mjini Cuttack, Februari 1996, akacheza Kombe la Dunia mara 5, na mwaka 2007 akawa mchezaji bora wa dunia kwa nchi zisizocheza Testi.

Na je, wajua kwamba peremende ziliwahi kuwaponza Waingereza? Uwanja wa Trent Bridge, Uingereza, 2007. Zaheer aliingia kupiga akakuta peremende zimetupwa pale anaposimama. Akazifagia, zikaja nyingine. Alikasirika hadi akawaelekezea watu gongo. Kisha akachukua mpira: wiketi 5 kwa mbio 75, na 9 kwa mechi nzima. India ikashinda, na mfululizo ule ukawa wao, wa kwanza Uingereza tangu 1986.

Kupiga pia alijua, akiamua. Dhaka, Desemba 2004, akiwa mtu wa 11, yaani wa mwisho kabisa, alifunga mbio 75. Rekodi ile ya Testi ilikaa mpaka 2012.

Desemba 2000, Jodhpur, alimpiga mrushaji mmoja mbio 6 mara nne mfululizo. Mrushaji huyo alikuwa Henry Olonga wa Zimbabwe, na jina linakwambia mengine: baba yake ni Mkenya. Olonga ndiye mweusi wa kwanza kuichezea Zimbabwe. Mwaka 1999, Leicester, alichukua wiketi 3 katika ova moja na India ikafungwa kwa mbio 3. Februari 2003, kwenye Kombe la Dunia, mjini Harare, yeye na mwenzake Andy Flower walivaa kitambaa cheusi mkononi kuomboleza kufa kwa demokrasia nchini mwao. Baada ya mashindano hayo hakuweza kurudi nyumbani, akakimbilia Uingereza. Alikuwa na miaka 26.

Fainali ya Kombe la Dunia la 2011, uwanja wa Wankhede: Zaheer alianza kwa ova 3 bila mbio hata moja. Wiketi zake mashindanoni zilifika 21, sawa na Shahid Afridi, hakuna aliyewazidi. Miezi mitatu baadaye, siku ya kwanza ya Testi pale Lord's, Uingereza, msuli wa paja ukamkataa na India ikapigwa 4-0 katika mfululizo ule. Alistaafu tarehe 15 Oktoba 2015, miaka 15 kamili tangu India iliposhindwa na New Zealand katika fainali ya mashindano yale ya Nairobi alikoanzia.

Turudi kwetu, Mombasa. Kutoka Makupa, ukifuata Barabara ya Jomo Kenyatta kuelekea mjini, uwanja wa Mombasa Sports Club hauko mbali. Novemba 2006 Bermuda walikuja kucheza pale mechi za kimataifa. Hebu fikiria kukimbia na kurusha kwa kasi katika joto lile.

Miezi michache kabla, Agosti 2006, Mashrafe Mortaza wa Bangladesh, mrushaji ambaye magoti yake yamepasuliwa mara nyingi, alikuwa Nairobi akichukua wiketi 6 kwa mbio 26. Mmoja wa waliotolewa alikuwa Hitesh Modi wetu, mpira umempiga mguuni. Mwamuzi aliyeinua kidole kumtoa alikuwa Subhash Modi, mzaliwa wa Zanzibar, baba yake mzazi.