Musa Otieno: Beki Aliyeshika Ngome ya Kenya

Musa Otieno alizaliwa Nairobi mwaka 1973, akaanza kung'ara katika klabu ya AFC Leopards na kuingia timu ya taifa, Harambee Stars, angali kijana. Mwaka 1997 alisajiliwa na Santos ya Cape Town, Afrika Kusini.

Kwa beki wa Kenya, kupanda ngazi ni kuhama. Ireland wana kandanda yao ya Kigaeli, isiyolipa mshahara. Beki wa huko huchezea parokia aliyokulia na kaunti yake mpaka anatundika daluga. Kijana wa Kau, kandokando ya Mto Ozi, hana njia hiyo. Akitaka Ligi Kuu bila kutoka Pwani, sharti aifuate klabu ya Bandari hadi Mombasa, na akitaka kuishi kwa mpira, huenda akavuka mpaka kama Otieno.

Otieno alidumu Santos zaidi ya miaka kumi, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Mchezaji wa kigeni hutarajiwa kufunga mabao, asipofunga hufungishwa virago. Kazi ya beki hupimwa kwa mabao yasiyoingia, nayo hayaandikwi popote. Msimu wa 2001/02, chini ya kocha Gordon Igesund, klabu hiyo ya Athlone, mtaa wa Cape Town, iliwapiku vigogo wa Johannesburg na Pretoria, ikatwaa ubingwa wa ligi. Mwaka 2003 ikabeba Kombe la ABSA kwa kuilaza Ajax Cape Town 2-0.

Kilele cha Otieno na Harambee Stars kilikuwa Tunisia, Januari 2004. Kenya haikuwa imefuzu Kombe la Mataifa ya Afrika tangu 1992. Jacob "Ghost" Mulee alikuwa kocha, Otieno nahodha. Mjini Bizerte, Mali ilishinda 3-1, kisha Senegal 3-0. Ngome ilikuwa imevuja mabao sita, na safari ya nyumbani imeshajulikana. Hata hivyo, tarehe 2 Februari Burkina Faso haikupata hata bao moja. Emmanuel Ake, Dennis Oliech na John Baraza walifunga, Kenya ikashinda 3-0: ushindi wake wa kwanza katika fainali hizo tangu iliposhiriki mara ya kwanza mwaka 1972. Wafungaji wanaimbwa mpaka leo. Mabeki wanastahili sifa iyo hiyo.

Mwaka 2009 Otieno alicheza Marekani, Cleveland City Stars. Mwaka 2016 alirudi Harambee Stars akiwa msaidizi wa kocha Stanley Okumbi.