Tiba ya Hipnosisi na Mipaka Yake

Mjini Kakamega, kama kwingineko nchini Kenya, habari za mtu kupumbazwa akili huhusishwa zaidi na matapeli wanaodaiwa kuwafanya wapita njia watoe pesa na simu kwa hiari yao, au na wezi wanaotia dawa ya kulevya, maarufu kama mchele, katika vinywaji vya watu. Tiba ya hipnosisi, yaani kumwongoza mgonjwa kwa maneno hadi azame katika utulivu na kuelekeza fikira zake kwenye jambo moja, haifanani na vitendo hivyo, kwani haihitaji dawa wala haifanikiwi bila ridhaa ya mgonjwa.

Mtaalamu huanza kwa kuuliza historia ya ugonjwa, kisha humwomba mgonjwa akodolee macho nukta moja ukutani, avute pumzi polepole na kulegeza misuli. Mwenye maumivu ya tumbo huweza kuambiwa aweke kiganja juu ya tumbo na kuwaza joto likienea ndani yake, huku akisikia kila neno na akiwa na uwezo wa kukataa asilolitaka.

Daktari James Braid, aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, ndiye aliyelieneza jina la hipnosisi kupitia kitabu chake cha mwaka 1843. Katika mji huohuo, Peter Whorwell na wenzake walichapisha mwaka 1984 utafiti wa wagonjwa 30 wenye matumbo yanayosokota na kuvurugika mara kwa mara, ambapo waliotibiwa kwa hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao.

Hata hivyo, hipnosisi hutuliza maumivu bila kuondoa uvimbe wala kuua vijidudu. Huweza kumdhuru mwenye maradhi ya akili yanayomfanya asikie sauti zisizokuwapo, na ikitumiwa kufukua kumbukumbu huweza kuzua zisizo za kweli. Kwa hiyo, mkazi wa Kakamega hana budi kwanza kupimwa hospitalini ili chanzo cha maumivu kijulikane, kisha amuulize anayetaka kumtibu kama ni daktari, au kama amesajiliwa chini ya Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa maana asiye na ujuzi wa kuutibu ugonjwa fulani bila hipnosisi hastahili kuutibu kwa hipnosisi.