Siki ya Tufaha: Namna ya Kuitumia Bila Kujidhuru

Katika maduka ya Nakuru, Naivasha na Gilgil, siki ya tufaha huuzwa kama kiungo cha chakula. Hata hivyo, baadhi ya wakazi huinywa asubuhi kama dawa ya gesi, kiungulia au kufunga choo.

Siki hii hupatikana kwa kuchachusha maji ya tufaha hadi sukari igeuke pombe, kisha asidi. Kwa kawaida asidi hiyo huwa takriban asilimia 5, kiasi kinachoweza kuchoma koo na kula meno ikinywewa bila maji.

Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inatibu kiungulia. Utafiti mdogo wa Uswidi, uliochapishwa mwaka wa 2007, ulionyesha kwamba ilizidi kuchelewesha chakula tumboni kwa wagonjwa wa kisukari ambao tayari walikuwa na tatizo hilo.

Anayeamua kuitumia azingatie haya:

• Achanganye kijiko kimoja cha chai katika glasi nzima ya maji, na asizidishe kijiko kimoja cha mezani kwa siku.

• Ainywe pamoja na chakula, si wakati wa kulala.

• Asukutue kwa maji safi, kisha asubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Meno ya wakazi wengi wa Bonde la Ufa tayari yameathiriwa na floraidi ya maji ya visima.

• Mwenye vidonda vya tumbo aiepuke. Anayetumia dawa za kisukari au za kupunguza maji mwilini amuulize mhudumu wa afya kwanza, kwa kuwa sukari au potasiamu inaweza kushuka kupita kiasi.

Hatari kubwa zaidi ni kuchelewa. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi zaidi, na katika Bonde la Ufa inajulikana vyema. Dalili zake za mwanzo hudhaniwa kuwa kiungulia cha kawaida.

Chakula kikikwama kooni, uzito ukipungua bila sababu, au kiungulia kikiendelea kwa zaidi ya wiki 3, nenda katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, nenda hospitalini mara moja. Usisubiri chupa iishe.