Wati maradufu, sauti karibu ile ile

Ukiongeza sauti ya benga sebuleni na gitaa la besi likaanza kukwaruza, washauri hawakosi. Jirani mmoja atakwambia uuze amplifaya yako ya wati 50 ununue ya wati 100. Mwingine, hasa aliyewahi kubeba vyombo vya disko matanga, atakwambia utafute amplifaya ya pili ya wati 50, moja iendeshe wufa, spika ya sauti nzito, na nyingine twita, ile ya sauti nyembamba. Jumla ni wati 100 vilevile, atasema, na mzigo umegawanywa. Mkazi wa Asumbi anayepanga kwenda Kisii au Homa Bay kununua afadhali asikilize kwanza fizikia, kisha sikio lake.

Wati si sauti

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kila nguvu ya umeme inapoongezeka maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 pekee. Chukua spika ya kawaida ya nyumbani, ambayo ikipewa wati 1 hutoa desibeli 87 ukiwa mita moja mbele yake. Ipe wati 50, itafika desibeli 104. Ipe wati 100, itafika 107. Hizo 3 za ziada utazisikia, ila kwa mbali. Ili masikio yahisi kwamba sauti imekuwa mara mbili, zinahitajika desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi: kutoka wati 50 hadi 500.

Kinyume chake, spika inayotoa desibeli 90 kwa wati 1 hufanya kwa wati 50 kazi ambayo ile ya kwanza huifanya kwa wati 100. Kwa hiyo dukani ulizia kwanza namba hiyo ya spika, ndipo uulizie wati za amplifaya.

Je, wati nyingi hazina kazi? Zinayo: ni akiba. Muziki hauendi kwa kiwango kimoja. Pigo la ngoma au noti nzito ya besi hudai, kwa sehemu ndogo ya sekunde, nguvu nyingi kuliko wastani wa wimbo. Amplifaya isiyo na akiba hushindwa kulifikisha wimbi kileleni, ikalikata kichwa. Mkwaruzo unaousikia ndio huo. Wimbi lililokatwa huzalisha sauti nyembamba nyingi ambazo hazikuwemo kwenye wimbo, nazo huelekea kwenye twita, ambayo waya wake ni mwembamba sana. Ndiyo maana amplifaya ndogo iliyokazwa hadi mwisho inaweza kuunguza twita ambayo amplifaya kubwa, ikitumiwa kwa kiasi, ingeiacha salama.

Amplifaya mbili, spika moja

Ndani ya sanduku la spika kuna krosova, sakiti inayotenga sauti: nzito ziende kwa wufa, nyembamba kwa twita. Spika inayokubali amplifaya mbili ina skrubu nne nyuma badala ya mbili, zikiwa zimeungwa kwa vipande vya chuma. Ni lazima vipande hivyo vitolewe kabla ya kufunga amplifaya ya pili. Ukivisahau, umeziunga amplifaya zenyewe kwa zenyewe, na zote mbili zinaweza kuungua.

Hata ukifunga sawasawa, krosova ikibaki ndani ya sanduku, kila amplifaya bado inapokea wimbo mzima, besi na sauti nyembamba. Kikomo cha volti ni kile kile cha amplifaya ya wati 50, hivyo vichwa vya mawimbi vitakatwa pale pale vilipokuwa vikikatwa. Hapa 50 na 50 hazifanyi 100. Unachopata ni nafuu ndogo: mkondo mkubwa unaovutwa na wufa haulemei tena amplifaya inayohudumia twita.

Mambo hubadilika krosova inapowekwa kabla ya amplifaya. Hapo amplifaya ya besi inapewa besi tu, na ikizidiwa, mkwaruzo unabaki kwenye wufa bila kuifikia twita. Mitambo mingi ya matamasha hufanya kazi hivyo. Lakini nyumbani itabidi sanduku lifunguliwe, krosova ya kiwandani itolewe, na fundi mwenye vipimo apange upya mgawanyo wa sauti. Kama huna fundi huyo, amplifaya moja yenye akiba inatosha. Na kabla ya kutoa hata shilingi, sogeza spika karibu na ukuta au kona: besi itapanda bila kuongezewa wati yoyote.

Sikio nalo lina hesabu yake

Zile desibeli 3 zinazosikika kwa mbali, kwa usalama wa sikio si kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Ikifika 95, kilichobaki ni kama saa moja na robo kwa wiki nzima. Kwa watoto, hesabu huanzia desibeli 75.

Sababu ni chembe zenye vinywele ndani ya sikio, takriban 15,000 kila upande, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa ubongo. Kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Masikio yakivuma asubuhi baada ya usiku wa muziki, yamelemewa.

Huna kipimo? Zungumza na mtu aliye umbali wa mkono. Ukilazimika kupaza sauti ndipo akusikie, punguza muziki. Jirani naye ana haki yake: kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za makazi.

Basi ukitaka amplifaya ya wati 100, inunue, lakini uitumie kama ya wati 10. Zile 90 zilizobaki ni za gitaa la besi, siku litakapopanda ghafla.